Mrihani Usionukia

8 Februari

Bibi Shamba wangu,

Salamu zangu nazituma za moto. Zikikufikia zimepoa, lawama ni za posta. Mimi ni mzima. Yale mafua ya mwisho wa mwaka yaliyonilaza siku tisa yamekwisha, nimerudi jikoni, na makelele yangu yamerudi pamoja nami. Hoteli imejaa wageni wa mikutano, watu wanaokula haraka bila kutazama sahani. Mama wa mikate, yule mwokaji wetu, amenuniana na tanuri jipya. Anasema linaunguza upande mmoja kwa makusudi. Jirani yangu fundi saa bado ananigongea ukuta nikiimba. Mwambie mama yako kwamba mdogo wake hajakonda, asiamini picha.

Na harusi je? Huyo mpima ardhi wako amepima weee mpaka lini? Mimi orodha ya vyakula nimeiandika mara tatu. Ya tatu ina supu mbili, kwa sababu kwenye harusi kuna watu wa supu nzito na watu wa supu nyepesi, na ukiwachanganya wanasusa.

Sasa lililonikalisha kitako niandike. Zile mbegu za mrihani ulizoniachia mwaka jana kwenye kibati cha majani ya chai, nilizipanda nilipokuwa napona, maana nilichoka kutazama dari. Zimeota zote. Ninavyo vyungu vitatu dirishani pa jikoni, majani mapana, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ukiyaona utasema yamechorwa. Lakini, Bibi Shamba, hayanukii. Nayafikicha, nayanusa, ni kama nimefikicha karatasi. Nikajisemea labda bado machanga. Sasa yana wiki saba na bado ni karatasi.

Wewe ndiye mwenye kitalu. Niambie nakosea wapi.

Mjomba wako,
Kijiko

21 Februari

Mjomba,

Barua imefika, na salamu zilikuwa bado vuguvugu. Hapa nyumbani wote wazima. Mama anasema kama hujakonda basi picha ile ni ya mtu mwingine, na anataka kujua kwa nini simu yake ulipokea ukasema "nipo jikoni" siku ya Jumapili ambayo huendi kazini. Nimemwambia hata nyumbani kwako kuna jiko. Amenitazama tu.

Kitaluni tuna kazi mpaka shingoni. Tumeletewa oda ya miche elfu mbili ya maua ya kupanda kandokando ya barabara, na bomba kuu limepasuka, kwa hiyo tunamwagilia kwa ndoo. Mikono yangu sasa ni ya mtu wa miaka sitini.

Tuje kwenye mrihani. Mrihani ni mmea wa jua, Mjomba. Ukikaa kivulini unanenepa majani na kukosa harufu. Dirisha lako la jikoni linatazama wapi? Kama nakumbuka vizuri, linatazama ukuta wa fundi saa. Hamishia vyungu dirisha la chumbani, linalopata jua la asubuhi, vipate saa sita kwa siku.

La pili ni maji. Nakujua, wewe mtu wa supu, unamwaga. Tia kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha kwanza. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, acha. Mwagilia asubuhi na usiloweshe majani. Hakikisha chungu kina tundu chini, maji yasituame yakaozesha mizizi. Na mbolea usizidishe, majani yatakua upesi na kuwa mapooza.

La tatu, usiuonee huruma. Ukifika majani sita, kata ncha, juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea yakiangaliana. Hapo utatoa matawi mawili mahali pa moja. Ukiona kichwa kinataka kutoa maua, kibane kwa kucha ukitupe. Ukishachanua nguvu zote zinaenda kwenye mbegu.

Fanya hivyo wiki tatu, halafu unuse.

Harusi ipo, tusiisemee sana. Supu mbili ni wazo zuri.

Mpwa wako

19 Machi

Bibi Shamba,

Huku ni heri. Mama wa mikate amepatana na tanuri, sasa anaizungusha trei katikati ya kuoka na kulipongeza kwa sauti. Fundi saa amepata kazi ya kutengeneza saa ya ukutani ya benki, na imekaa mezani kwake ikilia kila nusu saa. Sasa mimi ndiye ninayegonga ukuta.

Nimefanya yote. Yote! Vyungu vimehamia chumbani, vinakunywa jua kuliko mimi. Natia kidole kila asubuhi kama daktari. Nimekata ncha, na kweli kila ulipokatwa umetoa matawi mawili. Nimekuwa na kichaka. Maua nimeyabana kabla hayajafikiria kutoka. Mpwa wangu, mrihani huu ni mzuri kuliko wowote niliowahi kuununua sokoni, na haunukii kabisa.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nasema kosa ni la mbegu. Hizo mbegu ulizitoa wapi? Mtu amekuuzia mbegu za pambo, za kutazamwa tu. Siku hizi hata nyanya zinatengenezwa ziwe nyekundu basi. Usiwauzie watu wengine, utajiharibia jina.

Sikulaumu. Nakutahadharisha kama mjomba.

Huyo mpima ardhi mbona humtaji? Mwambie nataka kujua ukoo wake una walaji wangapi.

Kijiko

2 Aprili

Mjomba wangu mwenye heshima zote,

Ungenitukana tu ningekuelewa. Mbegu za pambo! Mbegu zile nilizikusanya kwa mikono yangu miwili, kutoka kwenye mrihani niliouotesha mwenyewe, nikazianika kwenye gazeti, nikazipepeta mpaka nikapiga chafya siku nzima. Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu wa kitaluni na wamecheka mpaka mmoja akakaa kwenye toroli.

Lakini mimi ni mtu wa ushahidi. Nilikuwa nimebakiza mbegu kutoka kwenye kundi lilelile, na mwezi wa pili, ulipoandika mara ya kwanza, nilizipanda kimyakimya. Nilichungulia trei siku barua yako ya pili ilipofika. Mjomba, ukipita na suruali tu ikaigusa, harufu inakufuata mpaka getini. Nimewafumba macho watu watatu na kuwanusisha. Wote wamesema mrihani, na wa tatu amesema, "Mrihani, tena nimeshaanza kuona njaa."

Kwa hiyo tumalize ubishi. Nakutumia mche mmoja uliokua, umo ndani ya chungu, nimeufunga kwenye boksi lenye matundu. Unakuja kwa basi, na ukifika ofisi ya mizigo watakupigia simu uuchukue. Utauweka kando ya ile yako, utanusa wa kwangu, halafu wako, halafu utaniandikia barua ya kuniomba radhi. Naitaka ndefu.

Mama anakusalimu. Ameuliza tena habari ya kupokea simu.

Mpwa wako, mwenye mbegu halali

27 Mei

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Kazi zilikuwa nyingi. Natumaini nyote hamjambo na bomba limetengenezwa.

Mche ulifika salama. Unanukia vizuri. Asante sana. Kosa lilikuwa langu, mbegu zako hazina neno.

Hapa hakuna jipya. Mvua imenyesha siku mbili.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako

4 Juni

Mjomba,

Sisi wazima, bomba limepona, maua yameshapandwa barabarani na mbuzi wa mtu wameshayala nusu. Hizo ndizo habari, nimezimaliza upesi kwa sababu nina swali.

Wiki nane nimekaa nikisubiri. Nimekupigia mara nne. Mara mbili hukupokea, mara mbili umesema upo jikoni. Halafu imekuja barua yenye mistari inayohesabika kwa vidole. Sijali urefu. Ila uliwahi kuniandikia kurasa mbili juu ya kitunguu kinapoanza kubadilika rangi kwenye mafuta: harufu yake ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu ambayo ulisema mpishi akiikosa basi ameshachelewa. Nilikuwa darasa la saba, na barua ile ninayo mpaka leo. Mtu huyo huyo ananielezea mrihani kwa maneno mawili, "unanukia vizuri". Hata mteja wangu anayenunua mche mmoja husema zaidi ya hapo.

Na hukunitania. Hukuuliza harusi. Umesahau kujiita Kijiko.

Mjomba, una nini?

Sitamwonyesha mama jibu lako kama hutaki.

Mpwa wako

9 Julai

Bibi Shamba wangu,

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Nimeiweka chini ya chungu, nimeitoa, nimeirudisha. Nilikuwa nimeamua kukujibu kwamba ni uchovu. Jumapili iliyopita limetokea jambo, na sasa nikikudanganya nitakuwa mtu mbaya. Tulia usome, mimi ni mzima.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilibandika chai jikoni, nikaenda chumbani kutazama mirihani. Maji yakachemka yakafurika, yakazima moto. Mimi huko nakata ncha, naongea na mimea kama mwendawazimu. Niliporudi nikaona jiko limezimika. Nikachukua kiberiti. Nimeshatoa njiti, nimeshaishika hivi, mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Kijiko! Usiwashe! Gesi!"

Fundi saa hakungoja nifungue. Alisukuma mlango, akanipita, akafunga gesi kwenye mtungi, akafungua madirisha yote, akanikamata mkono akanitoa nje kwenye korido.

"Imejaa mpaka kwangu," akasema. "Wewe husikii?"

Nikamwambia, "Sisikii."

Akapaza sauti, akanisogelea sikioni: "NASEMA GESI IMEJAA MPAKA KWANGU! HUSIKII?"

Maskini, alidhani masikio. Nikamwambia, "Masikio yangu mazima, jirani. Harufu ndiyo siisikii. Sisikii harufu yoyote tangu mwezi wa kumi na mbili." Tukakaa kwenye ngazi wawili, njiti bado ipo mkononi mwangu.

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani. Sasa nakuandikia wewe, ni mara ya pili.

Yale mafua, mpwa wangu, yaliondoka na pua yangu. Nilidhani itarudi baada ya wiki. Nikapanda mrihani wako nikisema huu ndio kipimo, siku nikiusikia nitajua nimepona. Kila asubuhi nafikicha jani. Ulipokuwa haunukii, nikakuandikia wewe, na ilinifaa sana kuamini kwamba ni jua, halafu maji, halafu mbegu. Nakuomba radhi kwa mbegu. Nilipokuwa naandika maneno yale nilikuwa natamani yawe kweli.

Halafu ukatuma mche. Nilifika ofisi ya mizigo, yule dada wa dirishani akanisukumia boksi akasema, "Mzee, umeagiza bustani? Ofisi nzima inanukia tangu asubuhi, hatutaki uondoke nalo." Watu wakacheka. Mimi nimelishika lile boksi, limegusa kidevu changu, na sisikii kitu. Nikacheka nao. Nimetembea nalo mpaka nyumbani kwa miguu.

Kazini hawajui, isipokuwa mama wa mikate. Huyo aligundua mwezi wa tatu. Kulikuwa na sufuria ya supu ya maziwa, ya watu arobaini, nimesharuhusu itoke. Alikuwa anapita na trei akasimama kama amepigwa msumari. Akanong'ona, "Haya maziwa yamechacha. Wewe umeyapitisha?" Akaimwaga mwenyewe, akawaambia wahudumu amejikwaa. Tangu siku hiyo kila asubuhi anapita kwenye sufuria zangu akisingizia kutafuta chumvi, ananusa, anaonja. Akikohoa mara moja, ipo sawa. Mara mbili, nisiitoe. Hatujawahi kulizungumza. Yeye hasemi, na mimi sishukuru.

Ladha nayo imeondoka na harufu, imebaki chumvi, sukari, uchungu na ukali wa ndimu. Ni mpishi mkuu anayesikiliza kikohozi cha mwokaji.

Basi, ndilo hilo.

Kijiko

15 Julai

Mjomba wangu,

Nimeisoma barua nimesimama kati ya matuta na nikakaa chini kwenye tope. Kwanza, mfikishie fundi saa salamu zangu, na saa yake ya benki ilie mpaka ichoke, usigonge ukuta tena maisha yako yote.

Pole. Sina neno kubwa zaidi ya hilo, na naliandika tena: pole, Mjomba. Siwezi kujua ni nini kwako kuamka na dunia haina harufu. Najua tu nilipokuwa mdogo ulikuwa unanipeleka sokoni umenifunga macho kwa leso, na kila ninapokisia sawa unanipa kipande cha embe. Ndiyo sababu nipo kitaluni leo.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Nenda kwa daktari wa pua na masikio. Si mwezi ujao, wiki hii. Jiko la gesi usiwashe ukiwa peke yako ndani. Tafuta la umeme. Na la tatu ndilo zito. Mwambie meneja. Gesi ingekuua wewe na fundi saa. Maziwa yangewalaza watu arobaini ambao hawajui hata sura yako. Mama wa mikate siku moja ataumwa, hatakuwepo, na hakuna atakayekohoa. Hiyo si siri yako peke yako tena, umembebesha na yeye.

Najua ninachokuomba. Najua wewe ni nani jikoni mle.

Na kwa kuwa umeniambia lako, langu ni hili. Mpima ardhi na mimi tuliachana mwezi wa kwanza. Alipata kazi mbali akataka nifunge kitalu nimfuate. Nikasema hapana, akasema basi, na kweli ikawa basi. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Mama anajua. Wewe sikukuambia kwa sababu ungeacha kuandika orodha ya vyakula, na mimi nilikuwa napenda kuisoma.

Tumia mrihani wangu. Kata, ule hata kama ni karatasi.

Mpwa wako

20 Agosti

Bibi Shamba,

Wewe mtoto una moyo wa jiwe na jiwe lenyewe ni la thamani. Kuhusu mpima ardhi, nasema tu kwamba aliyewahi kukuona ukipepeta mbegu halafu akakuambia ufunge kitalu, huyo hata ardhi hajui kupima. Orodha naiendeleza. Itatumika siku yoyote utakayotaka, hata ya kusherehekea bomba.

Nimekwenda kwa daktari. Ni mwanamke mwenye miwani ya kuning'inia. Amenimulika puani, akanipa vichupa ninuse na vyote vilikuwa maji kwangu. Amesema mshipa wa kunusia uliumizwa na mafua. Huenda ukapona kwa miezi, huenda mwaka, huenda usipone, na hataki kunidanganya. Dawa yake ni mazoezi: asubuhi na jioni ninuse vitu vinne vikali, kila kimoja muda kidogo, huku nikikumbuka kinavyonukia. Nimechagua limau, karafuu, kahawa na mrihani. Nakaa kitandani nimefumba macho, nanusa hewa tupu nikikumbuka. Kukumbuka ndiko kunakochosha.

Meneja nilimwambia siku ya Jumanne. Nilibisha hodi, nikavua kofia, nikabaki nimesimama.

"Bwana meneja, mimi sisikii harufu. Ni mwezi wa nane sasa."

Akacheka. Alidhani ni mzaha wa kuanzia mazungumzo. Nilipotikisa kichwa, akaacha kalamu.

"Na chakula chote hiki tulichotoa?"

"Kuna mtu alinisaidia. Sitamtaja, na ukimtafuta umwadhibu, niadhibu mimi."

Akaniambia nikae nyumbani, ataniita. Nilikaa siku tano. Mpwa wangu, siku tano zile nimezijua kucha zangu zote. Ya sita akaniita, na nilipoingia mama wa mikate alikuwa ameketi mle ofisini na aproni yake ina unga. Alikuwa amejitaja mwenyewe siku ileile niliyoondoka.

Uamuzi ni huu. Mpishi mkuu sasa ni yeye. Kuonja, kunusa, kupitisha, yote yake. Mimi nimebaki wa maandalizi: kukata nyama na samaki, kupanga muda, kuwafundisha wapishi wapya kisu na moto. Tanuri lake wamelikabidhi kwa mwanamke mmoja mtaratibu, na tanuri limeanza visa upya.

Imeniuma. Sitajikausha. Siku ya kwanza nilikwenda mpaka kwenye nafasi yangu ya zamani kwa mazoea, nikamkuta amesimama pale, tukatazamana. Nikamnyooshea kijiko changu cha kuonjea. Akasema, "Kaa nacho. Mimi ninacho changu." Halafu akageuka akaonja supu, na kwa mara ya kwanza sikungoja kikohozi. Alisema kwa sauti, jiko zima likasikia, "Chumvi kidogo."

Nilipofika nyumbani nililala mchana kutwa, usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Asante.

Kijiko, wa maandalizi

5 Septemba

Mjomba,

Nimefurahi na nimelia, vyote kwenye siku moja, na wateja wameniona. Umefanya jambo gumu kuliko kupika.

Nina habari mbili. Ya kwanza, kitalu kimepata eneo la pili, na nimeajiri watu wawili. Ya pili, samahani, nimevunja ahadi nusu. Sikumwonyesha mama barua, ila aliniuliza uso kwa uso kama mdogo wake anaumwa, na wewe unajua mama akikuuliza uso kwa uso inakuwaje. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani akaanza kutoa begi juu ya kabati. Anakuja kukaa kwako wiki kadhaa. Anasema kazi yake itakuwa kunusa tu.

Usibadilishe vile vitu vinne. Mrihani ukichoka, kata tawi, ondoa majani ya chini, litie kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili litatoa mizizi, lipande. Usikae bila mrihani hata siku moja.

Mpwa wako

12 Oktoba

Bibi Shamba wangu,

Salamu tele kutoka kwetu wawili. Mama yako hajambo, yupo hapa mwezi sasa na ile "wiki kadhaa" hatuitaji tena. Amevipanga upya vyungu, amempanga upya hata fundi saa. Ananyoa ndevu siku hizi. Asubuhi mimi nikifanya mazoezi ya pua, dada anakaa kwenye kiti na chai yake ananisimamia kama mwalimu wa zamu.

Leo asubuhi nilianza na limau. Hakuna. Karafuu, hakuna. Kahawa, hakuna. Nikafikicha mrihani, nikaupeleka puani kwa mazoea tu, akili imeshakwenda kazini. Nikasikia kitu kinaungua. Nikaruka. Nikakimbilia dirishani kutazama nje kama kuna watu wanachoma matairi, maana ilikuwa ni harufu ya mpira unaoungua, mpira na chuma cha kutu, kitu kibaya mno. Barabara tupu. Nikatazama jiko, limezimwa. Dada akaniuliza, "Una nini wewe?"

"Kuna kitu kinaungua."

"Hakuna kinachoungua. Mimi ninanusa hapa."

Nikasimama katikati ya chumba. Nikatazama vidole vyangu, vya kijani. Nikavileta puani polepole, na ule mpira ukaungua tena.

Mpwa wangu, nilikaa sakafuni.

Dada akaja akapiga magoti, ameogopa. Nikamnyooshea jani. "Mrihani," nikamwambia. "Mrihani unanuka."

Akaunusa. "Unanukia," akasema.

"Unanuka, dada."

"Unanukia vizuri kabisa, acha mzaha."

"Kwako unanukia. Kwangu unanuka. Unanuka vibaya, dada, unanuka!" Na nilikuwa nacheka, na machozi yananitoka, na yeye ameshika kile chungu anataka kukitupa dirishani kwa kudhani kimeoza, na mimi nimekishika upande wa pili namwambia kikianguka tutakosana.

Saa tatu nilimpigia daktari. Ameniambia kwa baadhi ya watu ndivyo inavyoanza, mshipa unarudi na kuzichanganya harufu, iliyo nzuri inaletwa mbaya. Huenda ikajinyoosha. Huenda ikabaki hivyo. Akaniuliza kama inanisumbua sana, maana wapo ambao hushindwa hata kula.

Nimemjibu huku nacheka kwamba inanisumbua kupita kiasi. Nimefikicha majani manne tangu hapo. Nimechelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, na nilipoingia jikoni nimetia mkono wangu chini ya pua ya mpishi mkuu nikamwambia, "Nisikilize, huu unanuka kama tairi." Ameunusa. Halafu akaweka trei chini, akakohoa mara moja.

Kijiko